Shilingi Ikatwayo Usiku

Luka 15:8-10



Mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya sadaka ya mavuno, kwa maana kahawa imekwisha kuanikwa na watu wangoja malipo yao. Walakini limetupata jambo huku Isingiro ambalo limetunyima usingizi, nasi twaona si vema kulinyamazia. Ni jambo la fedha ndogo sana. Pengine wako watakaocheka wakiona ya kuwa mchungaji ameyaacha mambo ya mbinguni akaandika habari za salio la simu. Na wacheke kwanza, kisha wasome mpaka mwisho.

Katika mtaa mmoja wa usharika wetu yuko mama mjane, mzee wa miaka mingi, mwenye shamba la migomba na mibuni michache. Jina lake hatulitaji, ila yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuyaseme yaliyompata. Mwanawe afanya kazi mbali, Mwanza, na kila mwisho wa juma humtumia vocha ya shilingi 1,000, ili mama apate kumpigia akiugua au akiwa na haja. Simu yake ni ile ndogo ya vitufe. Macho yake yamepungua nguvu, na kusoma hakusoma sana. Majina ya wanawe huyatambua kwa kuhesabu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, naye hakosei.

Ikawa vocha ile haikai. Akiwekewa jioni, asubuhi imepungua. Akikaa siku nyingi bila kumpigia mtu ye yote, hata siku anayotaka kupiga ile sauti ya mashine humjibu kwamba salio halitoshi. Nyumbani mwake alikuwamo mjukuu, mvulana wa miaka 15, aliyekuwa akimtekea maji na kumkatia ng'ombe majani. Ni nani mwingine aishikaye simu ile? Bibi akamwuliza, mvulana akakana. Akamwuliza tena, akakana tena, akalia. Bibi akayahesabu machozi yale kuwa ndiyo ushahidi. Mwisho akamfukuza aende kwa jamaa za mama yake huko Nkwenda, na mvulana akaacha shule, akawa akishika spana kwa mafundi wa pikipiki.

Nasi twalijua jambo hili tangu mwanzo. Hapa ndipo tuonapo haya. Kabla hajamfukuza mtoto, mama yule alitujia baada ya ibada, akatushika mkono, akasema, “Waitu Mchungaji, simu yangu inakula fedha.” Sisi tulikuwa na haraka ya kwenda kubatiza katika mtaa mwingine. Tukacheka kidogo, tukamwambia ya kuwa simu zote zinakula fedha, avumilie tu, dunia ya siku hizi ndivyo ilivyo. Kisha tukapanda pikipiki tukaenda zetu. Hatukuiomba simu tukaitazama.

Ikapita miezi minane. Siku moja mwinjilisti wa mtaa ule alikwenda kumwamkia, naye mama akamwomba ampigie mwanawe. Mwinjilisti akaona kikasha cha ujumbe kimejaa, hata hakipokei tena. Akaufungua mmoja, akaufungua na wa pili. Kila siku ujumbe mmoja, kutoka namba moja fupi yenye tarakimu tano. Na ujumbe wenyewe ulikuwa nini? Ndugu zangu, ulikuwa mstari wa Biblia na neno fupi la kutia moyo! Chini yake yaliandikwa maneno machache ya kwamba gharama yake ni shilingi 100 kwa siku, na ya kwamba mtu akitaka kujiondoa na atume neno fulani kwa namba ile ile. Katika shilingi 1,000 za kila juma, 700 zilikwenda huko. Kwa miezi minane ni kama shilingi 24,000, ambazo zingemnunulia mvulana sare ya shule na madaftari yake.

Alijiandikishaje mama huyu? Hakumbuki. Yamkini siku moja maneno yalitokea yenyewe juu ya kioo cha simu, naye akabonyeza kitufe ili yaondoke apate kuona saa. Mwenye simu akibonyeza “Sawa”, basi kule mbali huhesabiwa kwamba ameomba, na kwamba ameahidi kulipa leo na kesho na siku zote, mpaka yeye mwenyewe aseme basi.

Bwana wetu alisimulia habari za mwanamke aliyekuwa na drakma kumi, akapoteza moja. Twajua vema, wala hatutaki mtu adhani tumesahau, ya kuwa mfano ule ni habari za Mungu amtafutaye mwenye dhambi, na furaha iliyo mbele ya malaika. Hatupendi kuuvuta utumikie jambo lingine. Lakini Bwana aliutoa wapi mfano wake? Aliutoa katika nyumba ya mwanamke wa kawaida. Wasikilizaji wake walimjua mwanamke huyo. Walimwona kwa mama zao. Drakma moja ilikuwa kama ujira wa kibarua kwa siku moja tu, walakini yule mama aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii. Wala Bwana hamcheki. Hamwambii, Una tisa zaidi, vumilia. Angemcheka, mfano wote ungeanguka, kwa sababu furaha ya mbinguni ameilinganisha na furaha ya mama huyo na majirani zake. Sisi tulimcheka mama wetu. Katika mfano ule hakuna mahali petu, ila tukiwa miongoni mwa majirani waliokaa nyumbani mwao wasije kufurahi naye.

Tena taa aliiwasha yeye mwenyewe, kwa maana alikuwa nayo. Mama wetu hakuwa na taa. Taa ya kuitafutia shilingi ya siku hizi ni kuyasoma maneno yale madogo, na waliojaliwa kusoma ni sisi.

Sasa twaulizana, je, jambo hili ni wizi? Wengine husema si wizi, kwa kuwa masharti yaliandikwa na mtu alibonyeza. Tusiwahukumu watu wote pamoja. Ziko huduma za simu zilizo njema, nazo huombwa kwa kujua: mkulima atakaye habari za mvua, mfanya biashara atakaye bei ya mazao, mkristo apendaye neno la asubuhi. Atoaye huduma kama hiyo kwa haki astahili ujira wake. Na utaratibu wenyewe si wa siri. Mtu au kampuni hupewa ile namba fupi kwa kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iitwayo TCRA. Hupatana na kampuni ya simu. Kampuni hukata fedha katika salio la mteja, nao hugawana. Hayo si dhambi.

Lakini biashara ni ya watu wawili, na kila mmoja asema ndiyo yake. Auzaye akijua ya kuwa mnunuzi hakujua kwamba ananunua, hapo ndiyo haipo, hata ikiwa kidole kimebonyeza. Nabii Amosi, katika mlango wa nane, aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuongeza uzito wa mizani, waliongoja kwa hamu sabato ipite wapate kuuza. Nao pia walikuwa na soko la wazi, na wanunuzi walikwenda kwa miguu yao wenyewe. Herufi ndogo chini ya ujumbe, katika simu ya mzee asiyeona vema, ni kipimo kilichopunguzwa.

Dr. Martin Luther katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 aliieleza Amri ya Saba, wala hakuwaona wezi katika wavunja nyumba peke yao. Aliwaona sokoni, na dukani, na popote mtu amzidipo mwenzake kwa werevu. Akasema wako wezi wakubwa waketio mahali pa heshima, na mwivi mdogo ndiye anyongwaye. Mambo hayo twapenda kuyasikia, maana yawahusu watu wa mbali. Lakini katika Katekisimo Ndogo, ile tuwafundishayo watoto wa kipaimara, liko neno lingine, na hilo latuhusu sisi. Huko asema ya kwamba amri hii haitoshelezwi na mkono usiochukua; yatudai tumsaidie jirani yetu mali yake na riziki yake zipate kutunzwa na kuongezeka. Kwa hiyo aliyekata shilingi ya mama yule alivunja Amri ya Saba kwa kuchukua. Nasi tuliisikia habari tukapanda pikipiki, tukaivunja amri ile ile kwa kuacha. Kisha Amri ya Nane nayo ikavunjwa nyuma yake, mtoto akaitwa mwizi. Dhambi ni kama ng'ombe waingiapo shambani. Wa kwanza akipita uani, wengine humfuata.

Tusiseme ni kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Shilingi 100 kila siku ni 3,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 36,500. Mwenye huduma mbili au tatu ahesabu mwenyewe. Tena wengi hawaoni, kwa sababu hununua kifurushi mara tu wawekapo vocha, na salio hukaa tupu; walakini siku wawekapo vocha jioni ili wanunue kifurushi asubuhi, huamka wakakuta 900 mahali pa 1,000, wakailaumu kampuni, au muuza vocha, au mtoto. Nehemia alipowaamuru wakuu wa Yerusalemu kuwarudishia maskini mashamba yao na nyumba zao, hakuyasahau madogo. Katika mlango wa tano asema hata ile sehemu ya mia waliyokuwa wakiitoza fedha na nafaka irudishwe. Ile ya mia moja!

Basi, tufanyeje? Twayaandika haya hasa kwa ajili ya wainjilisti, nao wawafundishe wengine.

Bwana alitupa utaratibu katika Mathayo 18. Ndugu akikosa, uende kwake kwanza, ninyi wawili; asiposikia, chukua mashahidi; asiposikia tena, jambo liletwe mbele ya kanisa. Kampuni si ndugu, wala hatuwezi kuitenga na Meza ya Bwana. Lakini utaratibu wenyewe ni wa hekima, na serikali nayo imeweka ulio karibu kufanana nao.

Kwanza itazame simu yenyewe. Fungua ujumbe utokao kwa namba fupi, usome mpaka neno la mwisho. Mara nyingi utakuta neno la kujiondolea, kama ONDOA au STOP. Ulitume kwa namba ile ile lilivyoandikwa, bila kuongeza salamu wala maelezo. (Mzee mmoja aliandika, “Tafadhali naomba mniondoe, mimi ni mgonjwa,” mashine haikumwelewa.) Ukipata jibu kwamba umeondolewa, usilifute. Angalia salio jioni na asubuhi, uandike katika karatasi.

Ikiwa fedha zaendelea kukatwa, piga namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja, ukaongee na mtu. Mwombe akutajie huduma zote zilizounganishwa na laini yako, aziondoe, na kama hukuziomba udai fedha irudishwe. Uliza jina la uliyesema naye, uandike siku na saa. Watu wetu wa vijijini hukata tamaa kwa sababu simu huita muda mrefu kwa muziki. Basi wapige wawili kwa zamu, kama watu wapalilao shamba moja. Hapa wengi hukwama, kwa maana huulizwa jina lililosajiliwa, na laini si yao: ilisajiliwa kwa jina la mtoto, au la jirani, au la mtu wa sokoni. Mwenye kitambulisho cha taifa na apige *106#, ataona laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Laini iliyo mkononi mwako iwe kwa jina lako.

Kampuni isiposikia, bado iko njia. Mamlaka ya Mawasiliano iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Iko na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kanuni za kuwalinda watumiaji za mwaka 2018. Mteja aliyekwisha kulalamika kwa kampuni yake asiridhike ana ruhusa kupeleka lalamiko lake kwa Mamlaka, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Lipo pia baraza la kuwasemea watumiaji wa mawasiliano. Ndiyo maana tulisema uandike siku na saa. Mwenye karatasi husikilizwa kuliko mwenye hasira.

Msichanganye jambo hili na utapeli. Mtu akikuandikia kwamba umeshinda zawadi, au fedha ile uitume kwa namba hii, huyo ni mwivi wa waziwazi. Namba yake ipelekwe 15040. Na mtu ye yote akusaidiaye kuondoa huduma za simu hana haja ya kujua namba yako ya siri ya kutumia fedha. Akikuuliza, hata akiwa mzee wa kanisa, mnyang'anye simu yako.

Vijana wetu walioko mijini wana jambo jingine la namna hii, ambalo twalitaja upesi tu. Wao hujiandikisha katika intaneti kutazama filamu au kutumia programu fulani, mwezi wa kwanza bure, nao hutoa namba za kadi ya benki. Mwezi wa pili hukatwa, na wa tatu, hata kama programu wameifuta. Kuifuta programu hakuvunji mapatano. Na aingie tena mahali pale alipojiandikisha, avunje kwa kutamka, kisha aitazame taarifa ya benki. Na ikiwa hawakomi, aende benki kuomba wazuie.

Tumekwisha kumsikia mkristo mmoja mwema akitupinga. Alisema, Mchungaji, Bwana alitufundisha kumwachia hata joho yule anayeitaka kanzu, na Paulo aliwauliza Wakorintho kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Kwa nini wewe wawafundisha waumini kudai shilingi? Neno lake ni zito, nasi tulikaa nalo siku kadhaa.

Twajibu hivi. Kuachilia ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali, tena kwa kujua. Mama yule hakuachilia, alinyang'anywa asijue. Mimi na wewe tukitaka kuwaachia wenye huduma shilingi zetu kwa ajili ya Kristo, na tuwaachie zetu. Lakini ni nani aliyetupa ruhusa kuachilia za mjane? Uvumilivu tuuhubirio juu ya hasara ya mtu mwingine ni uvivu uliovaa kanzu ya madhabahuni. Hata Paulo aliyewaandikia Wakorintho maneno yale, huko Filipi alipopigwa bila hukumu na mahakimu wakataka kumtoa kwa siri, alikataa, akataka waje wao wenyewe wamtoe. Hakutaka kulipiza kisasi. Lakini palikuwa na kanisa changa mjini mle, Lidia na mlinzi wa gereza na wengineo. Twadhani aliwafikiria hao watakaobaki nyuma yake.

Wala isidhaniwe ya kuwa kudai namna hii hakufai kitu. Huko Marekani, mwezi wa Oktoba 2014, kampuni kubwa ya simu AT&T ilikubali kulipa dola milioni 105, na katika hizo milioni 80 ziliwekwa kwa ajili ya kuwarudishia wateja. Ankara za watu zilikuwa zimetiwa gharama, kwa kawaida dola 9.99 kwa mwezi, za milio ya simu na utabiri wa nyota na mashauri ya mapenzi, ambazo hawakuziomba. Na kampuni ilipata sehemu yake. Jambo lile lilianza kwa watu waliosoma ankara zao wakauliza, Hii ni nini? Katika India, mwaka 2013, wakuu wa mawasiliano waliagiza kwamba mteja athibitishe mara mbili kabla hajaunganishwa na huduma ya kulipia. Nigeria, mwaka 2016, walipewa namba moja, 2442, ambayo mtu huandikia neno STOP akakingwa na ujumbe asioutaka. Zakayo alirudisha mara nne. Makampuni hatujayaona yakifanya hivyo. Lakini hata moja kwa moja ni haki.

Liko neno moja tena, na hili ni kwetu sisi wa kanisa. Iliyomla mama yule haikuwa michezo ya bahati wala nyota, ilikuwa mistari ya Maandiko. Tulipoona hivyo tulitahayari kuliko vyote. Neno la Mungu tulilopewa bure lilifanywa chambo, na mama, kama angalijua kusoma, angalidhani limetoka kwa kanisa lake. Basi kwaya, au idara, au kijana ye yote wa usharika atakaye kuwatumia watu mahubiri au nyimbo kwa simu kwa malipo, awaulize waziwazi, tena kwa lugha waijuayo. Aandike bei mwanzoni, si chini. Na mlango wa kutokea uwe mpana sawasawa na wa kuingilia. Na namba za simu zilizoandikwa katika daftari la usharika zisipewe mtu kwa biashara. Ziliandikwa kwa ajili ya kuwatembelea wagonjwa.

Mwinjilisti alimwondolea mama ile huduma siku ile ile. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Baadaye alipiga 100 mara tatu, na sehemu ya fedha ikarudi, si yote. Lalamiko la iliyobaki tumeliandika nalo limekwenda.

Mama alipoelewa, hakufurahi kama mwanamke wa mfano. Alikaa kimya, akauliza Nkwenda nauli ni kiasi gani. Alikwenda na mkungu wa ndizi na kitambaa kipya cha suruali, akamkuta mjukuu wake chini ya pikipiki, akamwomba msamaha mbele ya mafundi. Mvulana akasema, “Nimesikia, bibi.” Hakusema zaidi siku ile.

Nasi tulikwenda juma lililofuata. Tulimweleza ya kuwa bibi yake alituambia mapema, nasi tukamwambia avumilie. Akatutazama, akauliza, “Mchungaji, ulipoambiwa, mbona hukuiangalia simu?” Hatukuwa na jibu. Tulimwambia hatuna, tukamwomba atusamehe. Alisema atafikiri. Twamshukuru Mungu kwamba hakutudanganya kwa kusema upesi ya kuwa amesamehe.

Wazee wa usharika wamekubali kumnunulia sare, na mwalimu mkuu amekubali kumpokea shule zifunguapo, ikiwa mwenyewe ataka. Kuanzia mwezi ujao, Jumapili ya kwanza, ibada ikiisha, wainjilisti wawili na vijana wawili wa kwaya wataketi chini ya mparachichi ulio nyuma ya kanisa. Kila mzee mwenye simu na aje nayo, ikiwa na chaji. Watasomewa ujumbe wao, wataulizwa wautakao na wasioutaka, na usiotakiwa utaondolewa. Hakuna malipo. Wasiojua kusoma wasione haya; wanaojua kusoma wasipite bila kuketi kidogo kusaidia. Tulimpelekea kijana wa Nkwenda habari hii, kwa kuwa anazijua simu kuliko sisi. Amejibu kwamba Jumapili huwa ana nafasi baada ya saa sita.

Wainjilisti wa mitaa mingine watakaofanya vivyo hivyo na watuandikie, watueleze walivyokuta.

Sisi wenu katika utumishi wa Bwana.